Sikio la Tembo Kwenye Raw Iliyobanwa

Songea, Jumapili, saa kumi jioni. Aprili inaisha lakini manyunyu hayajakatika tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani. Nimejifunika shuka mbili. Uji niliopika asubuhi bado uko kwenye sufuria, umeganda juu.

Siku nane sasa sijashika kamera.

Wiki tatu zilizopita msomaji mmoja wa ukurasa huu aliniuliza: anapenda kupiga picha za wanyamapori, je, atumie raw kamili au raw iliyobanwa? Nilimjibu aya nne, kwa kujiamini kwa mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa. Nikamwambia atumie iliyobanwa, asijaze kadi bure. Jibu hilo nimelifuta leo. Lakini kulifuta tu na kunyamaza naona ni kujificha, kwa hiyo naandika.

Kwa asiyejua mambo haya: kamera inaweza kukupa picha iliyokwisha kutengenezwa, au ikakupa kila kilichoingia kupitia lenzi, kikiwa kibichi, ukakitengeneze mwenyewe kwenye kompyuta. Hicho kibichi ndicho tunachokiita raw. Raw kamili haiachi kitu, ndiyo maana faili lake ni zito. Iliyobanwa ina uzito wa karibu nusu, kwa sababu kamera inatupa baadhi ya vitu inavyoamini jicho halitaviona. Zipo kamera zinazobana bila kutupa chochote. Yangu, niliyoinunua mkononi kwa mtu, haina uwezo huo.

Nilikuwa nimezijaribu zote mbili. Nilimpiga picha paka wa jirani, nikapiga mkungu wa ndizi dirishani, nikazikuza kwenye kompyuta mpaka macho yakauma. Sikuona tofauti. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na paka na mkungu wa ndizi vilinitosha kuwa utafiti.

Sababu nilikuwa nayo. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, Longinus alinipeleka porini kutafuta mbwa mwitu. Longinus ni mkulima na mgambo wa wanyamapori katika kijiji kimoja upande wa Lusewa, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye maneno machache. Tulikaa kwenye majani siku mbili. Siku ya pili mbwa wakatokea wakimkimbiza tandala, wakamwangusha mbele yetu kabisa. Nikabonyeza. Kamera ikapiga picha chache, kisha ikakwama. Taa nyekundu ikawa inawaka tu, inahangaika kuandika mafaili mazito kwenye kadi, na mimi nabonyeza kitufe kisichoitika.

"Mwalimu, mbona imenyamaza?" Longinus aliniuliza.

Nilipofika nyumbani nikabadilisha mpangilio. Kuanzia siku ile nikawa napiga iliyobanwa, na kamera haikukwama tena. Nilijiona mjanja.

Siku tisa zilizopita, Ijumaa, shule ikiwa imefunga kwa likizo fupi, nilikwenda tena kwa Longinus. Tembo walikuwa wameanza kuingia kwenye mahindi, na alinipeleka kwenye shamba la mwisho kabisa, linalopakana na pori. Mwenye shamba alikuwa Mama Benigna, mjane wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa akilinda mahindi yake juu ya dungu la miti na nyasi. Mtoto wake mmoja, Benigna, ameolewa huku mjini, si mbali na ninapokaa.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akigeuza mahindi kwenye moto. Mchana kutwa nilikaa naye. Nilikula mahindi matatu, la nne nikashindwa.

"Hiyo mashine yako inafukuza tembo?" aliniuliza.

"Hapana mama, inawapiga picha tu."

"Basi wapige vizuri. Na wao wajue tumewaona."

Longinus alinieleza kuhusu tembo wa pale. Kulikuwa na dume mmoja mkubwa anayejulikana na kijiji kizima, sikio lake la kushoto limechanika umbo la pembetatu, kama lililokatwa kwa kisu. Huyo, alisema, hana matata. Anakula, anashiba, ukimpigia debe anaondoka. Lakini msimu huu alikuwa amekuja dume mwingine, mgeni, wa ukubwa uleule, masikio yake mazima. Huyo alikuwa ameshamkimbiza mtu wa baiskeli.

Jioni, jua likiwa linazama nyuma ya miti, tembo mmoja akatokea ukingoni mwa shamba. Longinus alikuwa upande wa pili anawasha matofali ya kinyesi na pilipili, ambayo moshi wake hufukuza tembo. Mama Benigna akapiga debe. Tembo akasimama, akatanua masikio, akatutazama. Miale ya jua ilikuwa inapenya kwenye majani nyuma yake na kutupiga machoni, hatukumwona vizuri. Mimi nilikuwa nawaza rangi ya anga tu. Nilipima mwanga wa anga, nikamwacha tembo awe giza, kwa sababu ndivyo picha za namna ile zinavyopendeza. Nikapiga picha thelathini na moja mfululizo. Kamera haikukwama hata mara moja.

Nilifurahi sana. Nakumbuka hilo na linanichoma.

Tembo akageuka, akarudi porini. Nililala kwa Longinus, na kabla hakujapambazuka nikapanda bodaboda kuwahi basi la Songea. Mvua ilikuwa inanyesha.

Nilikuwa nimefika nyumbani, sijavua hata viatu, Longinus alipopiga simu. Ilikuwa saa nane mchana.

"Mwalimu, umefika?"

"Nimefika salama, kaka. Vipi huko?"

"Mama Benigna hatunaye. Alishuka kwenye dungu alfajiri, tembo alikuwa ndani ya mahindi."

Nilisema innalillahi, nikakaa chini sakafuni. Nilidhani amenipigia kunipa taarifa tu. Lakini akaendelea kwa sauti ileile ya taratibu. Maafisa wa wanyamapori walikuwa wameshafika na bunduki. Watu walikuwa na hasira, wanasema ni yule wa sikio, kwa sababu ndiye wanayemjua. Mvua ilikuwa imefuta nyayo zote. Yeye Longinus aliamini aliyeua ni yuleyule wa jioni, alirudi usiku, na hakuna mwingine aliyemwona isipokuwa mimi na marehemu.

"Angalia sikio la kushoto," akasema. "Kama ni zima, niambie sasa hivi. Nitawazuia."

Nikafungua kompyuta. Picha zote thelathini na moja zilikuwa zimetoka nilivyotaka: anga la rangi ya chungwa na tembo mweusi tii. Nikachagua ile ambayo masikio yametanuliwa zaidi, nikaanza kuongeza mwanga kwenye giza, taratibu. Mgongo ukatokea. Mkonga ukatokea, mpaka mikunjo yake. Nikapata matumaini.

Sikio la kushoto likakataa.

Palepale kwenye ukingo wake, pale giza la sikio linapokutana na miale ya jua, picha ilikuwa imevunjika. Vidoti vya kijani na zambarau, ngazi ngazi, kama ukuta uliomenyeka rangi. Katikati yake kulikuwa na alama nyeupe yenye umbo la pembetatu. Ingeweza kuwa mpasuko unaopitisha mwanga. Ingeweza kuwa jua kati ya majani. Nikafungua picha ya pili, alama ikawa imesogea. Ya tatu haikuwepo. Ya nne ikawepo tena.

Hapo ndipo raw iliyobanwa inapotupa vitu: kwenye mpaka wa mwanga mkali na giza nene. Niliwahi kusoma hilo mahali, nikalipita kwa sababu paka na ndizi havikunionyesha.

"Mwalimu?"

Naomba niandike na hili. Nilifikiria kusema ni zima. Nilimpenda yule dume wa sikio kwa maelezo tu ya Longinus. Kisha nikawaza, na kama ndiye? Kesho akiua mwingine, nitakuwa nimesema nini?

"Sijui, kaka," nikamwambia.

"Hujui, au huoni?"

"Naona, lakini picha imeharibika palepale kwenye sikio. Siwezi kuapa."

"Basi sawa," akasema. "Pumzika. Umetoka safari."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Walimpiga risasi yule wa sikio jioni ileile, kwenye kijito. Longinus aliniambia kwamba hakukimbia. Aliwasikia watu, akageuka kuwatazama kama alivyozoea kufanya akipigiwa debe. Nyama iligawiwa kijijini. Longinus hakuchukua.

Jumatano akanipigia tena. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na za mvua. Kisha akasema juzi ameingia tembo mwingine kwenye shamba la marehemu, ameangusha dungu. Masikio yake ni mazima.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Nimefundisha vipindi vyangu, nimesahihisha madaftari, nimekula. Mwalimu mwenzangu aliniona nimepooza, nikamweleza. Alinitazama kwa huruma akasema, "Lakini madam, si wewe uliyeshika bunduki." Ni kweli. Haijanisaidia.

Sijui kama raw kamili ingenionyesha lile sikio. Nikiwa mwalimu wa fizikia nasema huenda ndiyo. Nikiwa mtu aliyekuwepo nakumbuka lile giza, na nakumbuka kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeamua anga liwe muhimu kuliko mnyama. Kamera ilitupa nilichoiruhusu itupe. Kama ningepima mwanga wa tembo, hata iliyobanwa ingetosha. Kama ningetumia kamili, huenda hata kosa langu la mwanga lingefutika. Nazungusha mawazo haya kichwani nikiwa nasimamia mtihani wa kidato cha pili, na jibu halipatikani.

Wewe uliyeniuliza, kama bado unasoma: tumia raw kamili. Nunua kadi nyingine, uvumilie kamera ikikwama. Picha ambayo hukuipata utaisikitikia, lakini hakuna mtu atakayekupigia simu kukuomba uisome. Iliyobanwa iweke kwa mchana mweupe, kwa ndege kwenye waya, kwa vitu usivyoweza kuja kuulizwa habari zake. Sikujua hili nilipokujibu mara ya kwanza. Nisamehe.

Mazishi yalikuwa Jumatatu. Sikwenda. Nilisema nina vipindi, na kweli nilikuwa navyo, lakini mkuu wangu wa shule angeniruhusu kama ningeomba. Nilituma rambirambi kwa simu. Sikuweza kufikiria nitasimama wapi pale, mimi na jina langu la mwalimu wa picha.

Leo mchana, baada ya swala ya adhuhuri, umeingia ujumbe kutoka kwa Benigna. Amerudi mjini. Ameandika kwa heshima mno: "Shikamoo mwalimu. Kaka Longinus ametuambia ulishinda na mama siku ile. Tunaomba picha yake hata moja, tuiweke kwenye arobaini. Sisi tunayo ile ya kitambulisho tu, na imefifia."

Nimeangalia kadi zote mbili. Kisha nikaangalia kompyuta. Kisha nikazirudia kadi, moja moja, kuanzia picha ya kwanza ya Ijumaa. Kuna tembo. Kuna ndege wa kila aina, kima wawili juu ya mti, moshi wa pilipili, dungu lenyewe likiwa tupu. Kuna picha kumi na nne za hindi likiwa kwenye makaa, kwa sababu nilipenda wekundu wake.

Mama Benigna hayupo. Siyo kwa giza wala kwa ukungu. Nilikaa naye kwa saa tisa nzima, lenzi ikiwa imeelekea porini.

Nimeandika "Sina, dada yangu," nikafuta. Nikaandika "Ngoja nitafute," nikafuta hiyo pia, maana ni uongo. Maneno haya si ya kutuma kwa simu. Kesho vipindi vikiisha nitakwenda kwake kwa miguu, mvua iwepo isiwepo, nimwambie kwa mdomo wangu. Nitamweleza na habari ya sikio pia. Ana haki ya kujua ni nani aliyeulizwa.

Na akiniuliza mama yake alikuwaje siku ile, angalau hilo nimwambie kwa ukamilifu. Tangu saa nane nimekaa hapa mezani najaribu kuliandika lisinipotee. Kitenge chake kilikuwa cha bluu, kimefifia mabegani. Alikuwa akicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Alikuwa na pengo la jino la juu, upande wa kulia.

Au wa kushoto. Tayari sina uhakika.