Hindi la Kwanza Bado Halijaliwa

Shangazi yangu Yusta,

Mwezi uliandama Alhamisi, mwembamba kama ukucha, juu ya foleni ya malori. Niliuona nikiwa nimesimama kwenye bustani yako hapa Mpemba, au tuseme kwenye nusu iliyobaki. Nusu ya chini, kule ulikopanda maharage mvua zikianza kupungua, sasa ni kokoto. Elia, mdogo wangu, ambaye ulimbeba mgongoni ukipalilia matuta hayo hayo, amewakodishia wenye malori waegeshe wakisubiri kuvuka mpaka. Dizeli inachuruzika hadi kwenye mashina ya maboga yako. Nakuandikia nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Wewe hukuwahi kuomba.

Wapo watakaosoma barua hii waseme, huyu mama amesoma vitabu vyote vile halafu analilia mwezi. Waseme. Sijawahi kuamini kwamba mwezi huotesha maharage, na wewe hukuwahi kuniambia hivyo. Mwaka uliujua kwa pua na kwa miguu: moshi wa mashamba yanayochomwa, kisha maua meupe ya kahawa njia ya Mbozi, kisha kumbikumbi mlangoni, kisha ile miezi ya ghala tupu tuliyoshindia majani ya maboga, kisha ndevu za mahindi kukauka. Mwezi ulikuwa na kazi moja tu, nayo ni kualika. Ndevu zikishakauka, mwezi unaofuata ukiandama, Jumamosi yake ukoo mzima ulikutana bustanini kula hindi la kwanza. Hukumtuma mtu. Mdogo wako, Baba mdogo Yohana, aliuona mwezi akiwa kwake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaja na watu wake. Hakuna aliyewahi kusema hakupata taarifa. Nani hapati taarifa ya mwezi?

Sasa tuna kundi la simu. Elia aliandika humo: "Ndugu, mwaka huu tukutane ukumbini Jumatatu ya Pasaka, watu wako likizo. Mahindi yatanunuliwa."

Mahindi yatanunuliwa! Shangazi, niliposoma maneno hayo nilitamani ufufuke, si kwa lingine, umjibu tu. Watu wakabandika vidole gumba. Ukoo wa wakulima ukanunue hindi la kwanza sokoni, la shamba lisilojulikana, ukalile kwenye viti vya plastiki vilivyovalishwa magauni, halafu uite hiyo sikukuu ya mavuno. Mavuno ya nani?

Nikampigia.

"Dada, zama zimebadilika," akasema. "Siku hizi hata mvua inatabiriwa kwenye simu."

"Na ugomvi wetu tutaumalizia kwenye simu?"

"Mtandao unasumbua," akasema, akakata.

Anajua anachokikimbia. Wageni walidhani sikukuu yako ni ya nyimbo na amani. Ilikuwa ya maneno. Sheria yako ilikuwa kwamba hindi jipya haliliwi juu ya kinyongo. Mwenye neno alilisema pale pale kwenye matuta, na anayesemwa alipewa hindi la kuchoma atafune, asijibu mpaka msemaji amalize. Kisha wakabadilishana zamu. Sijaona bunge lenye kanuni bora kuliko hiyo.

Unakumbuka mwaka Baba mdogo alipoazima ng'ombe wako wa kulimia, akawarudisha mvua zimeshakolea? Ulimkabidhi hindi ukaanza. Alipojaribu kufungua mdomo ukamkemea, "Tafuna, Yohana! Ukimeza naanza upya!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Zamu yake ilipofika akasema, "Ng'ombe wako wavivu, dada, wamerithi kwa mwenyewe." Nawe ukatafuna, mashavu yamejaa, macho yamekutoka, huna la kufanya. Mwaka uliofuata ng'ombe walirudi kabla ya mawingu.

Basi Jumamosi hii nilichoma mahindi bustanini, mimi na wifi yangu Neema, mke wa Elia. Nilidhani tutakuwa wawili tu. Baba mdogo akatokea, mgongo umepinda, hana simu ya makundi, ametazama mbingu akapanda bodaboda. "Mwaiseni, baba!" Neema akamkaribisha kwa Kibemba chake cha sokoni. Mzee hakukaa kwanza. Aliazima simu yangu akampigia Elia: "Niko kwa marehemu dada yangu. Mbona sikuoni?"

Elia akaja. Viatu vinang'aa, akasimama kwenye kokoto zake, hakukanyaga udongo. Nikampa hindi. "Tafuna."

Nikasema yote. Kwamba bustani hii ndiyo iliyotusomesha. Kwamba kokoto hazioti. Kwamba najua anasubiri tuvune tu ili amwage kokoto kwenye nusu hii pia. Elia hakutafuna. Alinisikiliza kidogo, akaangalia saa, akalifunga lile hindi kwenye leso na kulitia mfukoni.

"Nitakula nyumbani, dada. Kuna lori linaingia."

Baba mdogo alikuwa ameshika hindi lake. Akalirudisha kwenye ungo taratibu. "Basi hatujala," akasema. "Na kama hatujala, hakuna anayevuna hapa. Dada yangu aliiweka hivyo."

Elia akamgeukia mkewe. Neema akapangusa mikono kwenye kitenge. "Usiniangalie mimi, baba Tumaini. Mimi hapo sivuni."

"Nitaleta vibarua."

"Walete," mzee akasema. "Uwaambie hindi la kwanza halijaliwa, tuone nani atatangulia kuingia."

Elia akaondoka. Baba mdogo naye akarudi ng'ambo na njaa yake, na akiwa juu ya bodaboda akaniambia, "Hata mwezi ujao utaandama."

Nakukasirikia hata wewe, Shangazi. Uliondoka bila kutamka bustani ni ya nani, ukadhani desturi inatosha kuilinda. Lakini tangu Jumamosi nazunguka matuta haya nikiona ulichotuachia. Elia hawezi kumwaga kokoto bila kuvuna. Hawezi kuvuna bila kula. Hawezi kula bila kunisikia mpaka mwisho. Huo mtego uliutega kabla hajaota ndevu.

Jirani anachoma mahindi yake na harufu inanitesa. Yetu yanaanza kuwa magumu. Yakikaukia shambani, Elia atatafuna makavu, na zamu yake ya kusema ikifika nitatafuna makavu vilevile, ninyamaze, nisikie alichonacho moyoni. Nacho huenda ni kigumu.

Pumzika, Shangazi. Meno bado ninayo.

Binti wa kaka yako, mwenye njaa