Mkanda wa Simba

Mpwa wangu Neema,

Salamu toka Inyonga. Mama yako hajambo, mahindi tumeshavuna. Na simba wote wa Mlele bado wananiheshimu mimi mjomba wako.

Umeuliza kama kweli wanyama siku hizi wanafuatwa kwa simu na setilaiti. Mambo hayo yalianza na mimi, miaka ya tisini, enzi za kuwafunga wanyama redio. Nilikuwa porini peke yangu, natoka kurina asali, gari la watafiti likasimama mbali. Mmoja kashika antena, anapiga kelele: "We kijana, usisogee! Simba wetu mwenye redio yuko hapo hapo ulipo!"

Nikaganda. Simba usiyemwona, Neema, anakuwa kila kichaka. Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Naye kasogea!"

Nikafumba macho, nikamuaga bibi yako kimoyomoyo.

Wakaja na bunduki, taratibu, antena ikaninyookea tumboni.

"Huo mkanda umeutoa wapi?"

Watu wote nimewaambia simba aliniona akakimbia. Wewe pekee nakuambia ukweli: mkanda wa redio ulikuwa umemdondoka simba shingoni, nikauokota, nikafungia suruali. Waliuchukua. Nilirudi kijijini nimeshikilia suruali kwa mikono miwili.

Mjomba wako,
Masanja