Kisanduku cha Umeme Ulichotuma, na Jina la Rama

Makorora,
Tanga.
3 Agosti, 2024

Mpendwa kaka Uweso,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na kwamba joto la huko limeanza kuwahurumia. Kifua chako je? Mama ameniagiza nikuulize kama bado unakunywa tangawizi au umeshaiacha. Sisi hapa hatujambo, ila goti la mama linamsumbua akisujudu, kwa hiyo siku hizi anasali amekaa.

Salamu zimetosha. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu umeshasema, "Haya haya, nimekuelewa," na hujaelewa kitu. Leo utasoma mpaka mwisho.

Tahiri alipotuletea mzigo wako tulifurahi, siwezi kukana. Kadi mbili za picha, nzito kama matofali, za kuiwezesha kompyuta ya studio yetu kuchora nyumba ambazo hazijajengwa na kumtembeza mteja ndani yake, chumba kwa chumba. Rama wa mama mdogo Mwatumu alizipangusa kwa fulana yake mwenyewe. Ndani ya boksi hilo hilo kulikuwa na pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Nilipokinyanyua roho ilinipaa. Kilikuwa chepesi kama kopo tupu, na kibandiko kimeandikwa wati mia tano.

Nilikupigia pale pale. Nilikwambia, "Kaka, kadi moja tu ikishika kazi inakula zaidi ya wati mia mbili. Hizi ni mbili, na bado kuna prosesa na mafeni. Tunahitaji ya wati elfu moja, tena yenye waya zake kwa kila kadi."

Ulicheka. Ukasema, "Zuwena, mimi nauza vifaa huku tangu hujamaliza shule. Fungeni hicho hicho. Hiyo diploma yako ya umeme ni ya kuunga taa za harusi." Na ulikuwa umefungua spika, maana niliwasikia wenzako wakicheka pamoja nawe.

Rama ndiye aliyenituliza. Alisema mkubwa ameshasema, tujaribu. Kisanduku hakikuwa na waya za kutosha kadi mbili, ikabidi atumie zile waya za kugawa, mdomo mmoja kuwa miwili, ulizozitia mwenyewe kwenye mfuko.

Kwa kusafisha picha za harusi mashine ilikwenda vizuri. Lakini tulipoipa kazi ya Bwana Mudathir, yule anayejenga nyumba za wageni Ushongo, kadi zote mbili zikaamka kwa pamoja, na pap! Kimya. Tukawasha, ikazima tena. Tulipokueleza ukasema ni umeme wa Tanga. Friji inanguruma, feni inazunguka, redio ya jirani inaimba, na wewe uliye ng'ambo ya bahari unatuambia umeme wa Tanga ndio mbaya!

Hayo ningeyameza. Kilichonikwama kooni ni ile sauti uliyotuma kwenye kundi la ukoo.

Siku hiyo wanawake wote tulikuwa kwa baba mdogo Miraji, tunachambua mchele wa harusi ya binti yake. Mtu mmoja akafungua simu, sauti juu, na tukakusikia: "Mimi nilituma pawa saplai kubwa. Rama ameiuza, ameweka takataka. Mwizi wa ndani hana dawa." Mimi niliyekinyanyua kisanduku kutoka kwenye boksi nilijua si kweli, ila sikuwa na ushahidi wa kuwaonyesha. Mama mdogo Mwatumu alikuwa na sinia mapajani. Aliliweka chini polepole, akafunga kanga yake vizuri, akatoka bila kuaga.

Unakumbuka ni nani huyo mdogo wake mama, kaka? Ulipozaliwa mama yetu akalazwa, hana maziwa, mama mdogo ndiye aliyekutia ziwani, wewe upande huu na Rama upande ule. Kwa hiyo uliyemwita mwizi si mtoto wa mama mdogo tu. Ni ndugu yako wa kunyonya. Na uliyemwambia amezaa mwizi ndiye aliyekufanya uishi.

Rama hakubishana na mtu. Alifunika kompyuta kwa kitambaa, akaondoka kwenda Horohoro kwa rafiki yake Laurenti, wakapata vibarua vya kushusha mizigo ya malori mpakani. Mtu mwenye mikono ya kuchora vile, anabeba magunia kwa ajili ya ulimi wako.

Nikabaki na kazi ya Bwana Mudathir peke yangu. Alasiri moja nikaiwasha mashine nikisema moyoni labda leo. Ilianza kwa harufu, kama ya ndara inayoungua. Kabla sijainuka moshi ulikuwa unatoka nyuma. Mama akaja mbio na goti lake bovu, ndoo ya maji mkononi, anapiga takbiri. Nilipiga kelele, "Mama, usimwage! Utakufa, mama!" Nikamsukuma, kaka. Nimemsukuma mama yetu kwa mikono yangu, akaangukia kochi, ndipo nikawahi swichi kubwa ya ukutani. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile ndoo.

Kulipopoa nikafungua. Waya za kugawa zilikuwa zimeyeyuka, zimegandana kama gundi, na kadi moja imekufa. Kisha nikakigeuza kisanduku, nikasoma namba iliyo kwenye kibandiko, nikailinganisha na ile picha uliyotutumia mwenyewe siku unafunga mzigo, umesimama dukani na kisanduku mkononi, unatabasamu. Namba ni ile ile. Kibandiko ni kile kile, mpaka mchubuko wa pembeni. Rama hakuuza kitu. Rama alifunga ulichotuma.

Nilipokupigia ukasema, "Kile mwenye duka alinipa nyongeza niliponunua kadi. Nilidhani kitatosha. Basi, Zuwena, yaishe."

Yaishe! Wallahi neno hilo limeniunguza kuliko moshi. Mwizi ulimtangaza mbele ya ukoo mzima, na kumsafisha unataka iwe siri ya mimi na wewe?

Nilimfuata Horohoro mwenyewe. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, mabega yamechubuka. Nikamwambia ushahidi umepatikana na wewe umekiri. Akatazama barabara, akasema, "Kurudi nitarudi, Zuwena. Lakini ukweli unaujua wewe na Uweso. Harusini nitaingia na jina gani?" Jibu liko mdomoni mwako, kaka.

Tukavuka pamoja mpaka Mombasa kutafuta pawa saplai ya maana. Muuzaji akatutolea moja inayowaka taa za rangi, akasema, "Hii ndiyo vijana wanaipenda, inatosha kabisa." Rama akamuuliza inatosha nini, kadi ngapi, na dhamana yake ni ya muda gani. Yule bwana akaanza kusifu taa. Tukaiacha. Tukachukua nyingine, nyeusi, mbaya kwa sura, nzito mpaka Rama akaibeba kwa mikono miwili, ya wati elfu moja, yenye waya za kila kadi zinazotoka ndani yake bila kugawanywa. Kadi iliyobaki ni moja, lakini tumenunua ya kadi mbili, kwa sababu ya pili tutainunua wenyewe.

Kazi ya Ushongo imekwisha, na Bwana Mudathir ameipenda. Rama anakuja kazini kila siku. Ila akifika nyumbani anakaa barazani, haingii ndani, hata mama amsihi vipi. Chakula chake tunampelekea nje, kama mgeni.

Kwa hiyo nisikilize, kaka yangu. Usitutumie zawadi, wala usinipigie kuniuliza kama nimepoa. Tuma sauti kwenye kundi lile lile, kwa mdomo ule ule, useme, "Rama hakuiba. Nilikosea mimi." Kisha mpigie mama mdogo umwombe radhi, na akikulilia usikate simu. Harusi ni mwisho wa mwezi huu. Nataka Rama aingie kwa mlango wa mbele.

Mama anakusalimu na anakuombea. Baba mdogo Miraji naye anakusalimu, anasema kiti chako kitakuwapo hata usipokuja. Rama nilimwambia nakuandikia. Akasema nikuulize kifua chako kinaendeleaje. Mama mdogo Mwatumu nilimkuta anapepeta mchele, nikamuuliza kama ana salamu zozote. Hakusimamisha ungo. Akasema, "Mwambie, mama yake Rama hajambo."

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akukunjulie riziki, na akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi kama ule aliokupa wa kushtaki.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na hasira zangu,

Zuwena