Mgongo Wangu na Zamu ya Maharage

Jumatatu, 17 Februari
Mkekani tena. Magoti juu, kiuno kinapanda polepole, kinashuka. Mara kumi. Halafu mikono na magoti chini, mgongo juu kama paka akijinyoosha. Yohana, mume wangu, kapita na ndoo, kacheka. Acheke tu. Mwezi uliopita ndiye aliyekuwa akininyanyua kitandani. Leo nimeamka mwenyewe. Mungu ambariki yule daktari wa mazoezi kule Kasulu mjini.

Jumatano, 19 Februari
Kikundi chetu cha kulimiana kimepanga. Jumamosi ni shamba langu la maharage, hapa hapa Heru Juu. Mwenye shamba asiposhika jembe, zamu yake inaruka hadi msimu mwingine. Na sisi tutakula nini? Naogopa.

Alhamisi, 20 Februari
Ujinga wangu. Nilidhani mazoezi ni kama palizi, ukizidisha unamaliza mapema. Badala ya kumi nikafanya arobaini. Mgongo umekaza kama gogo. Nimetambaa hadi mlangoni. Nimelia kwa hasira.

Ijumaa, 21 Februari
Nimetembea hadi kisimani na kurudi, mikono mitupu. Mara tatu. Mkekani mara tano tu. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye huwaimbia wanangu hivyo! Mama Faraja, mwenyekiti wa kikundi, kanikuta njiani natembea kama bata. Kaniangalia, kaenda zake. Sijapenda alivyoniangalia.

Jumamosi, 22 Februari
Wamekuja wanawake kumi na mmoja. Nimeshika jembe, nimekunja magoti kama nilivyofundishwa. Pigo moja, pumzi. Pigo, pumzi. Kwetu hakuna kumpita mwenye shamba kwenye mstari. Jua likapanda, nikaona aibu, nikageuka niwaombe radhi. Wote walikuwa nyuma yangu, wanalima kwa mwendo wangu.
"Buhoro buhoro, Mama Neema," akasema Mama Faraja. "Polepole. Shamba halikimbii."
Saa sita, muda wetu wa kuacha, tulikuwa tumelima nusu tu. Na zamu ya mtu ni siku moja tu. Nimeingia ndani kujilaza, sikuweza hata kuwaaga.

Jumapili, 23 Februari
Maumivu yamepungua. Mara tano, taratibu. Nimefungua mlango wa nyuma niende kuoga kabla ya ibada. Majembe yameegemezwa ukutani. Kumi na moja. Hakuna aliyeondoka na lake.
Leo hatulimi. Nimekaa kwenye kigoda, nikayatazama mpaka kengele ikalia.