Usiwatangulize Ng'ombe Wetu

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na Mama mfikishie shikamoo yake. Mguu wake unaendeleaje? Mvua zimeshika huko Masieda? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Barua hii nimempa mwenzangu anayerudi Dongobesh, maana bado najisahau na kuandika mkoa wetu wa zamani, Arusha, juu ya bahasha, na hii haitakiwi kupotea.

Kazi yangu hapa kiwandani unaijua. Chanjo ya ng'ombe tunaiotesha ndani ya seli hai, na seli hizo tunazilisha majimaji ya damu ya ndama. Damu hiyo inaweza kuja na kirusi. Chujio linanasa bakteria, kirusi kinapita. Ndiyo maana kila mzigo mpya tulikuwa tunaufungia chumba chake mpaka upimwe. Kiwanda kilipouzwa, tajiri mpya akasema tunamchelewesha. Mzigo wa mwisho umeingia kazini bila kupimwa.

Daktari wetu, mama mkali kama wewe msimu wa kupanda, aliupima kwa siri. Akaniita pembeni. "Paskalina, humu mna kirusi kinachotoa mimba za ng'ombe. Nimewaambia wasimamishe." Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu, na hakuna aliyethubutu kumuulizia. Naogopa, Baba. Seli zinanawiri, dawa haina harufu wala uchafu. Ukiiona utaisifu. Masanduku nimeyafunga mimi mwenyewe kabla sijajua, na yanakuja huko kwetu.

Halafu ndiyo nikapata barua yako. Eti umeomba ng'ombe wako wachanjwe mbele ya wote pale joshoni, watu waione dawa ya binti yako. Nililia. Mitamba yote ina mimba, na mingine umeifugisha kwa majirani.

Kaka Boay msalimie huko machungani, asiwasogeze ng'ombe joshoni. Shangazi wa Katesh naye apelekewe habari, pamoja na salamu zangu.

Tena, Baba, usiwarudishe wako kimya kimya. Majirani watawaingiza wa kwao, kwa kuwa wanakuamini. Simama mbele yao useme kwa sauti kwamba binti yako ndiye aliyeifungasha dawa hiyo, na ndiye aliyeikataza. Najua maneno hayo yatafika mpaka huku kwa tajiri. Yafike.

Ni mimi binti yako,
Paskalina