Jasi Haisubiri Chai

Jumatatu, 7 Aprili
Baba anailaumu plasta ya mkononi mwake kutwa. Eti walioikoroga hospitalini hawaijui jasi, unga wa plasta tunaochongea nakshi! Tangu auvunje mkono wakati wa sikukuu ya Nawruzi, hasemezeki.
Na chumba cha wageni cha jirani, Mama Hosiyat, lazima kiishe. Mwanawe anaoa Jumapili. Nakshi zote za ukutani nimechonga mimi, Baba amekaa godoroni akitoa amri. Imebaki nyota ya katikati tu. Hapo ndipo mji mzima wa Bukhara unautambua mkono wa fundi. Hiyo simpi mtu, amesema Baba. Kabla hajavunjika, kazi yangu miaka yote ilikuwa kukoroga jasi na kushika ngazi.
Naitaka nyota ile, jamani! Naitaka!

Jumatano, 9 Aprili
Aibu! Nimekoroga beseni zima. Jasi ukiacha kuikoroga tu, inaganda. Mara Mama Hosiyat huyo! Hujambo binti, wazazi hawajambo, shangazi je, wajukuu wa shangazi je... Mkubwa hakatizwi, nami nikaitikia moja moja, mkono umesimama. Alipofika kumuulizia ng'ombe wetu, beseni lilikuwa limepata joto la jasi inayoganda. Nilipomjibu kuwa ng'ombe hajambo — jiwe! Mwiko umesimama wima humo.
"Udongo uwahi ungali maji, Muattar," Baba akasema. "Wewe umemuwahi ng'ombe."
Mama Hosiyat kacheka mpaka kashika ubavu. Na yeye ndiye mwenye makosa!

Ijumaa, 11 Aprili
Baba kalala baada ya pilau. Nikaiona plasta yake upande wa ndani wa mkono. Kaichonga nyota! Kwa mkono wa kushoto, kwa siri. Imepinda kama imeparuliwa na kuku. Nikacheka, halafu machozi yakanitoka.
Akafumbua jicho moja. "Unacheka nini, we mtoto?"

Jumamosi, 12 Aprili
Plasta imetolewa asubuhi. Mkono umekonda, maskini. Harusi kesho!
Nimekoroga, nikapaka jasi ukutani. Baba akapanda ngazi na kisu chake. Kisu kikatetemeka. Akashusha mkono, akaupandisha, kikatetemeka tena. Akashuka bila kunitazama. Anataka chai, eti. Chai! Jasi ikiwa mbichi ukutani!
Basi niko jikoni kwa Mama Hosiyat, birika halijachemka, karatasi imejaa vumbi jeupe la vidole vyangu. Na sasa Baba anapiga kelele: "Muattar! Jasi haisubiri chai!"
Si kaitaka mwenyewe?
Nimechungulia dirishani. Kisu chake kakiacha kwenye kipandio cha juu kabisa. Yeye yuko chini — ameishika ngazi.