Dashibodi Mpya ya Ndege ya Baba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yako yanaelewana na zile ngazi za nyumbani kwa Dada. Mjukuu wako je, ameanza kulala usiku au bado anawakeshesha wote? Mpe busu langu katikati ya paji la uso. Sisi huku tu wazima, mimi na Baba. Akipika yeye, naosha masufuria yaliyoungua; nikipika mimi, analalamikia chumvi. Nyumba haina mwenyewe, Mama, na inaonekana.

Najua unachosubiri kusikia. Baba alikuahidi kwamba dashibodi ya ndege ikikamilika atakuja kukuchukua mwenyewe, na kila ukimpigia simu kumuuliza ni lini, anakuletea habari za nyaya na skrubu. Mara ya mwisho uliniambia kwamba huenda mumeo ameshazoea kukaa bila wewe. Hajazoea. Acha nikueleze kwa utaratibu, na nakuomba usirukie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya kwenye riwaya zako.

Unaikumbuka ile dashibodi ilivyokuwa. Rangi nyeusi imebanduka, vioo vya geji vimefifia, na redio inanguruma kama mtu anayekaanga vitunguu. Nilipoifungua kwa nyuma nilikuta nyaya zilizovishwa kitambaa, kama walivyozitengeneza enzi hizo, na kila nilipogusa kitambaa kikawa unga. Nimetengeneza geji za ndege za watu miaka yote hii, lakini hii ya kwetu Baba hakuwahi kuniruhusu niiguse. Safari hii yeye ndiye aliyeng'ang'ania. Alitaka skrini, tena kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia, yenye tarakimu zinazong'aa. Nilimtania kwamba uzeeni amegeuka mpenda mapambo. Alicheka tu.

Basi nikakata bati jipya la alumini, nikatoboa, nikapiga tupa kingo mpaka vidole vikatoka malengelenge. Geji za injini tulikubaliana zibaki zile zile, maana bado hazisemi uongo. Nilizisafisha na kuzibadilishia vioo. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye bati la zamani geji hizo zilikuwa zimefungwa upande upande. Ya joto la oili imelala, na ya presha ya oili ndiyo kabisa, karibu kichwa chini miguu juu. Nikamcheka fundi aliyezifunga, nikasema huyu alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nikazinyoosha zote, maandishi yakakaa sawa, nikarudi nyuma hatua kadhaa nikajisifu.

Baba akaja kuiona. Akaketi kiti cha kushoto, kile cha rubani, nami kando yake. Kitu cha kwanza akaigonga skrini kwa kifundo cha kidole, kama alivyokuwa akizigonga geji za zamani ili mshale uliokwama uachie. Skrini hizi huitikia kidole, basi ikaruka na kuleta ramani, na Baba akaurudisha mkono upesi akidhani ameivunja. Tulicheka mpaka machozi. Kisha tukawasha injini, na kicheko chake kikakatika. Akasema presha ya oili ina hitilafu, nizime haraka. Nikatazama, presha iko pale pale inapotakiwa. Nikazima hata hivyo. Akaniuliza ni nani aliyezinyoosha geji zake.

Kumbe fundi yule mwenye haraka alikuwa Baba mwenyewe! Alinieleza kwamba zamani baadhi ya marubani walizizungusha makusudi, ili injini ikiwa katika hali nzuri mishale yote itazame juu. Hapo huhangaiki na namba. Unatupa jicho mara moja, na mshale ulioinama unajitangaza wenyewe. Nikaona haya, nikatoboa matundu mapya ya skrubu na kuzirudisha alivyoziweka. Yangeishia hapo, lakini moyo wangu ulikataa kutulia. Geji zina namba, Mama, na nilikuwa nimeziwekea vioo vipya. Kwa nini aliogopa kitu kilichoandikwa wazi mbele yake?

Kesho yake niliiweka skrini katika hali ya majaribio, ambapo inaonyesha safari ya kubuni huku ndege imetulia sakafuni. Nikaipa ndege inayoporomoka, tarakimu nyekundu kubwa kama mayai. Nikamuuliza Baba, kama mtu anayepiga soga, tunaendeleaje. Akajibu kwamba tuko vizuri, tunapanda taratibu. Nikanyoosha mkono, nikaizima skrini. Naye akajua kwamba nimejua. Akavua kofia, akaiweka mapajani.

Mama, Baba hasomi tena kwa macho yake. Daktari alimwambia kabla wewe hujaondoka kwamba katikati ya macho yote mawili pameingia ukungu, na miwani haiwezi kuuondoa. Pembeni bado anaona, ndiyo maana anatembea bila kujikwaa na hakuna aliyemshuku. Ile hali mbaya ya hewa aliyokuwa akiisingizia kila alipoahirisha kuruka ilikuwa hiyo. Skrini kubwa ilikuwa tumaini lake la mwisho, kwamba labda tarakimu zikiwaka vya kutosha atazisoma, na atakuja kukuchukua kama alivyoahidi. Aliniambia hayo akiwa amegeukia dirisha, nami nikalia palepale bila kujificha. Pengine wewe ulikwisha kuhisi. Nakumbuka siku aliyomimina chai mezani, nawe ukakilaumu kikombe.

Nilitaka kuifunika ndege turubai tusiizungumzie tena. Yeye akakataa katakata. Alishuka, akazunguka hadi upande wangu, akafungua mlango na kuniambia nihamie kushoto. Leseni ninayo tangu zamani, unajua, na unajua pia kwamba kiti hicho hakuwahi kuniachia. Akaanza kuniuliza macho yangu yanatua wapi nikitazama mbele, na mkono wangu unafika wapi bila kunyoosha bega. Mimi mfupi, nimekuchukua wewe, kwa hiyo tulikata bati jingine, skrini tukaishusha na redio tukaisogeza. Kazi yote tuliifanya pamoja. Yeye alipapasa kila tundu kwa vidole na kunirudisha palipobaki makali, tena bila huruma hata chembe. Kuhusu geji za injini alisema nizifunge nitakavyo, maana dashibodi sasa ni yangu. Nimezifunga kama zilivyokuwa zake. Si kumwonea huruma. Nimezijaribu angani, na zinasomeka upesi kuliko nilivyozipanga mimi na elimu yangu.

Mkaguzi amekwisha kuja, akainama, akachungulia, akauliza mbona geji zimekaa upande. Baba akamjibu kwamba fundi wetu alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Ndege imepita, Mama. Naweza kuirusha na kubeba abiria.

Kwa hiyo tutakuja Jumamosi, kukiwa na anga safi, na rubani nitakuwa mimi. Ukiogopa kurushwa na mimi, Kiroboto wako, useme bila kunionea haya; nitakukatia tiketi ya basi na sitanuna, au nitanuna kidogo tu. Ninachokuomba ni kwamba ukimwona Baba usianze na pole. Mgombeze kwanza kwa kukuficha, kama ungemgombeza siku zote, ndipo mengine yafuate.

Nisalimie Dada na shemeji, na umwambie mtoto kwamba mama yake mdogo anakuja na kelele nyingi.

Nimemsomea Baba barua hii tangu mwanzo. Nilipomaliza, akaniomba niongeze maneno yake haya. Anasema kwamba katika safari zote alizowahi kukurusha, kila ndege ilipoanza kupaa ulikuwa ukifumba macho na kung'ang'ania mkanda, naye akikuona kwa pembeni, lakini hakuweza kufanya lolote kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini. Jumamosi atakaa kiti cha nyuma pamoja nawe, na anauliza kama utampa mkono aushike.

Wako akupendaye,
Kiroboto